Barua kwa mwanangu: mikono iliyonyoshwa

Mwanangu,

Salamu kutoka Columbus, Ohio. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku. Umeniuliza hivi: watu wa Ohio walipiga kura mwaka 2004, takribani asilimia 62 wakaandika kwenye katiba ya jimbo lao kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Sasa majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Marekani, walioruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima mwaka 2015, walipata wapi mamlaka ya kuifuta kura hiyo? Na kwa nini mimi, mama yako, mwanakwaya, naitetea hukumu yao?

Hoja yako ina uzito. Jaji Jeffrey Sutton wa mahakama ya rufaa iliyoko Cincinnati aliandika karibu hayo hayo Novemba 2014, alipoacha marufuku ya ndoa za jinsia moja iendelee Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee. Alisema jambo zito kama hili wananchi waachiwe waliamue wenyewe, polepole, kwa kujadiliana na kupiga kura. Mtu mwenye nia njema anaweza kuamini hivyo. Mimi siamini, na nitakueleza kwa nini.

Kesi ile ilianza na cheti cha kifo. Jim Obergefell na John Arthur waliishi pamoja Cincinnati zaidi ya miaka ishirini. John akapata ALS, ule ugonjwa unaokausha misuli mpaka mtu anashindwa hata kugeuka kitandani. Mimi nahudumia wagonjwa wa namna hiyo, najua kumhamisha mmoja kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni kazi ya watu wawili. Ohio haikuwafungisha ndoa, basi ndugu na marafiki wakachanga fedha za kukodi ndege ya wagonjwa. Julai 11, 2013 wakaruka hadi Maryland, ambako wapiga kura walikuwa wameruhusu ndoa hizo mwaka uliotangulia. Ndege ikatua karibu na Baltimore, shangazi yake John akawafungisha ndoa humo humo ndani, John akiwa amelala, na ndege ikageuza kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye wakili Al Gerhardstein aliwaonyesha fomu ya cheti cha kifo ya Ohio. Pale penye hali ya ndoa John ataandikwa hajaoa, na pa jina la mwenzi aliyebaki hai pataachwa wazi. Walifungua kesi Julai 19. Baada ya siku tatu Jaji Timothy Black aliamuru waandikwe kama walivyo. Alieleza jambo ambalo wewe mtoto wa Muheza utalielewa haraka: Ohio haifungishi ndoa ya binamu kwa binamu, ila binamu wakioana jimbo lingine wakaja Ohio, jimbo linawatambua. Ndoa za watu wengine zilizofungwa nje zilipokelewa. Hii peke yake ndiyo iliyokataliwa.

Huko Michigan walikuwepo wauguzi wawili wa kike, April DeBoer na Jayne Rowse. Walilea watoto wa kuasili, lakini sheria ilimtaka kila mtoto awe wa mmoja wao tu, kwa kuwa wawili hao hawakuwa wanandoa. Mmoja akifa, mwenzake hana haki juu ya watoto aliowaogesha na kuwalisha. Hawakwenda mahakamani kudai ndoa. Ni Jaji Bernard Friedman aliyewaambia kwamba kikwazo chao chenyewe ni marufuku ya ndoa.

Sasa nije kwangu. Unakumbuka kikao cha ukoo baada ya arobaini ya baba yako? Ulikuwa na miaka tisa. Mahari ilishatolewa, ila hatukuwa na cheti cha ndoa. Muhtasari ukaandikwa, jina langu likawekwa chini kabisa, na mbele yake "mzazi mwenzie". Si mke. Mimi niliyemuuguza miezi minane! Wakaulizwa wanaokubali, mikono 11 ikanyoshwa. Waliokataa walikuwa wawili. Kwa hesabu yako, mwanangu, wengi walikuwa wameamua.

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mmoja, wala hakuwa wa ukoo wetu. Aliwasikiliza wazee wawili waliopeleka mahari, akasema huyu ni mke, andikeni upya. Hakuwanyang'anya baba zako wadogo chochote kilicho chao. Alichosema ni kwamba mikono, hata ingekuwa mia, haina uwezo wa kunifanya nisiwe mke wa mume wangu.

Marekani kazi hiyo inafanywa na Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, baada ya vita vilivyomaliza utumwa. Jimbo lolote haliruhusiwi kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Waliyaandika wakijua vizuri kwamba wapo wachache ambao kura za majirani zao hazitawaokoa kamwe. Kwa maneno hayo hayo Virginia ilizuiwa mwaka 1967 kuwaadhibu weupe na weusi waliooana.

Kuhusu kanisa, usiwe na wasiwasi. Jaji Anthony Kennedy aliyeandika hukumu alisema wazi kwamba dini ziko huru kuendelea kufundisha zinachoamini. Mchungaji wetu hajalazimishwa kumfungisha ndoa mtu yeyote. Mimi naamini ndoa ya madhabahuni ni ya mume na mke, na sijabadilika. Lakini karani wa serikali si mchungaji, na daftari lake si madhabahu.

John alifariki Oktoba 22, 2013. Cheti kilimtaja Jim, lakini baadaye jimbo lilikata rufaa, na kwa miaka karibu miwili Jim hakujua kama jina lake litabaki au litafutwa. Lilibaki Juni 26, 2015, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Nilisoma habari hiyo chumba cha mapumziko, nikaikumbuka siku ile ya Muheza hakimu aliposema "andikeni upya", na wewe umelala mapajani mwangu na viatu vya shule miguuni.

Mama yako