Dada, mchuzi wa Crock-Pot unaanzia kwenye kikaango

Dada, umesema umenunua Crock-Pot, kile chungu cha umeme cha kupika polepole, baridi ilipoanza, ukatumbukiza nyama ya ng'ombe, viazi, nyanya na maji ukaenda kazini. Umerudi umekuta nyama ngumu, mchuzi maji maji, na harufu ya nyama ya kuchemsha tu. Unauliza kama chombo ni kibovu. Chombo ni kizima. Kilichokosekana ni kuunga. Mimi niko Minneapolis, Marekani, nafanya kazi za zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kuanzia Novemba mpaka theluji iyeyuke chungu hiki ndicho kinachotulisha nyumbani. Ngoja nikueleze ninavyofanya.

Hiki chungu cha umeme hakikaangi. Joto lake linapanda taratibu mpaka karibu na kuchemka, basi. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mtu aulize mlangoni "mnapika nini?" inataka joto la nyuzi 140 za Selsiasi na zaidi, na joto hilo liko kwenye kikaango chenye mafuta. Nyumbani tunachemsha nyama kwanza, halafu tunaiunga. Huku unageuza mpangilio: unaunga kwanza, ndipo unaiacha iive.

Kwa kilo moja na nusu ya nyama, ikate vipande vikubwa, vikubwa kuliko ulivyozoea, maana vitapungua. Ikaushe kwa karatasi ya jikoni, ipake chumvi na pilipili manga. Pasha mafuta kidogo mpaka yawe moto kweli, weka vipande vichache vichache. Ukijaza kikaango nyama inatoa maji na inaanza kuchemka badala ya kukaangika. Usiigeuze geuze. Kipande kikishashika rangi upande wa chini kinajiachia chenyewe. Kikiwa bado kinang'ang'ania, kiache.

Toa nyama, kaanga vitunguu maji viwili vikubwa kwenye mafuta hayo hayo mpaka viwe kahawia, weka kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya ya kopo vijiko viwili na nyanya mbichi mbili tatu. Hapa usiwe na haraka. Koroga mpaka nyanya zipoteze ule uchachu na uone mafuta yanajitenga pembeni. Mimi naweka binzari nyembamba, mdalasini kipande kimoja na iliki mbili. Viungo vizima usizidishe, vinakaa humo siku nzima na vinaweza kutawala sufuria yote. Halafu mimina maji kikombe kimoja, kwangua yale mabaki ya kahawia yaliyoganda chini ya kikaango. Usiyaoshe yakaenda na sinki, huo ndio mchuzi wenyewe.

Sasa maji. Kwenye sufuria ya kawaida mvuke unatoka na mchuzi unakauka, kwa hiyo tumezoea kuweka maji mengi. Kwenye Crock-Pot angalia mfuniko ukiwa unapika: ndani umejaa matone, yanateremka pembeni na kurudi chunguni. Karibu hakuna kinachopotea, na nyama yenyewe na vitunguu vinaongeza maji yao. Kwa kilo moja na nusu, kikombe kimoja na nusu kwa jumla kinatosha. Nyama haihitaji kufunikwa na maji. Ukikuta bado ni mwepesi mwishoni, ponda viazi viwili vitatu humo humo, au koroga kijiko cha kona flawa na maji baridi, mimina, washa moto mkubwa nusu saa. Utapata rojo.

Jambo lingine ni aina ya nyama, na hapa wengi wetu tunakosea tukifika huku kwa sababu tunaona mnofu mtupu usio na mafuta ndio nyama nzuri. Huo kwa masaa 8 unakuwa mkavu. Chukua nyama ya mnyama anapofanyia kazi: muundi, bega, shingo, kidari, mkia. Kule kwenye kano na utando mweupe kuna kolajeni, ambayo kuanzia kama nyuzijoto 70 inayeyuka polepole na kuwa jelatini. Ni kazi ya masaa mengi. Ndiyo maana mchuzi wa muundi ukiuonja midomo inanata kidogo, na ndiyo maana nyama ikiwa bado ngumu baada ya masaa matano jibu mara nyingi ni kuiongezea muda. Madukani tafuta pakiti iliyoandikwa chuck (bega) au shank (muundi). Mimi napendelea bucha za halali za Wasomali hapa mjini, wanakukatia muundi na mfupa wake, na uboho ukiyeyukia kwenye mchuzi huhitaji kuongeza mafuta.

Viazi na karoti weka chini na pembeni, nyama juu. Vinachelewa kuiva kuliko nyama, na asidi ya nyanya inazidi kuvichelewesha, kwa hiyo usivikate vikubwa mno. Chungu kijae kuanzia nusu mpaka theluthi mbili. Moto mdogo masaa 8, au mkubwa masaa 4 mpaka 5. Kwa muundi mimi sikubali mkubwa. Na usifunue! Kila ukifunua kuchungulia unaongeza kama dakika 20 za kupika.

Tui la nazi weka nusu saa ya mwisho, ukiliweka asubuhi linakatika. Dania na ndimu ni wakati wa kupakua. Ukitaka ndizi badala ya viazi, tumia mbichi kabisa na uziweke masaa mawili ya mwisho.

Umeuliza pia utafanyaje kama unaingia zamu ya saa 1 asubuhi. Usiku kaanga vitunguu na nyanya tu, weka kwenye bakuli, friji. Nyama ikate ikae mbichi kwenye chombo chake. Usiikaange nusu nusu ukailaza, bakteria wanapenda sana hali hiyo. Asubuhi unaikaanga haraka wakati chai inachemka, unachanganya, unawasha. Lile bakuli la kauri la Crock-Pot lenyewe usililaze kwenye friji na kuliweka moja kwa moja kwenye joto, linapasuka. Na nyama iliyoganda iyeyushe kwanza kwenye friji. Ukiiweka barafu inakaa kwenye uvuguvugu muda mrefu kabla ya kupita nyuzijoto 60, na hapo ndipo inapoharibika.

Kwa wanaofikiria kuchanganya na maharage mekundu, naomba mnisikilize: yaloweke, mwaga maji, yachemshe jikoni kwa maji mapya na moto wa nguvu dakika 30 kabla hayajaingia kwenye chungu. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na inatapisha vibaya. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa.

Ukibaki, na kwa kilo moja na nusu kwa watu wawili utabaki, ugawanye kwenye vyombo vifupi upoe haraka, friji, siku tatu au nne. Siku ya pili ni mtamu zaidi, hasa kwa chapati. Ila usiupashe kwenye Crock-Pot, inachelewa mno kupata joto. Upashe jikoni mpaka utokote, ndipo uurudishe humo kama una wageni na unataka ubaki wa moto.