Jibu: Meli ikifika Mombasa, tununue tour ya melini au tujitegemee?

Dada, umeuliza kama wazazi wako wanaweza kujizungusha wenyewe, bila kununua tour inayouzwa melini, kwa yale masaa nane meli yao ya kitalii itakayokuwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Wanaweza kabisa, na mimi ningewashauri hivyo. Kutoka geti la bandari mpaka Fort Jesus, ile ngome ya zamani, ni kilomita chache tu, wachukue tuktuk lakini wapatane bei kabla hawajakaa. Waanzie ngomeni asubuhi jua halijawa kali, Wareno waliianza 1593 na Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka wakaiteka 1698, kwa hiyo wachukue mwongoza watalii mwenye kitambulisho maana bila maelezo utaona kuta tu. Halafu watoke kwa miguu waingie Mji wa Kale, hapo ndo penyewe, vichochoro, milango ya nakshi, baraza, harufu ya kahawa, wasikimbizwe jamani! Mzee avae viatu vya kutembelea, mama abebe mtandio, na wasipige watu picha bila kuomba. Viazi karai na madafu wasikose. Ila wawe wamerudi geti la bandari lisaa limoja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda, foleni za mjini si za kuamini na meli haimsubiri aliyejitembeza mwenyewe.