Mwalimu, hicho kibao usikitundike

Mleta uzi, uliposema fundi anakuletea kibao cha lugha Jumatatu ndipo nilipoacha kusoma. Mengine uliyouliza ili Form One wako wapende darasa yasubiri. Mwambie fundi ubao huo achongee kigoda.

Mimi nilikuwa nacho. Kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mvivu. Ukiteleza Kiswahili unavishwa, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia anakula fimbo. Aliyenishauri ni mwalimu wa taaluma, mkongwe wa kazi: "Mwezi mmoja tu, watakuwa wanaota kwa Kiingereza." Yeye mwenyewe ukipita dirishani kwake unamsikia anafundisha Jiografia kwa Kiswahili kitupu, tena cha kijiweni! Na mimi na digrii yangu nikamwamini.

Wiki ya pili darasa likawa kimya, nikajisifu kwamba nimepata nidhamu. Kumbe watoto wamefungua biashara yao: mwenye kibao anamfinya jirani paja chini ya dawati. Sasa nani anafinywa akalia kwa Kiingereza? Akishasema "Aa, mama!" kibao kimehama. Kipindi kizima cha dakika 40 wanawindana, mimi nipo ubaoni nadhani wanaandika notsi.

Siku ya topiki ya vyanzo vya joto nikawasha taa ya spiriti mezani, nikageuka kuchora mwali. Pindo la koti langu jeupe likashika moto. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Sir, please... your koti..." Akameza mate, akakaa. Koti ni Kiswahili, ati. Watoto 78 wananitazama naungua, kwa adabu zote. Nilikuja kujua kwa harufu.

Koti nilinunua jingine. Lililoniuma ni mtihani wa muhula: 61 kati ya 78 wana F. Nikafika kwenye karatasi ya binti mmoja aliyekuja na A ya Sayansi darasa la saba. Hakuacha nafasi hata moja wazi. Kila swali amelinakili upya kama jibu, mwandiko safi, chini amepiga mstari kwa rula. Nimeuliza kwa nini mwali wa bluu hautoi masizi, naye kanirudishia kwa nini mwali wa bluu hautoi masizi. Nikamwita ofisini, nikamuuliza kwa Kiswahili. "Kwa sababu hewa inaingia ya kutosha, gesi inaungua yote." Halafu akageuka kutazama mlangoni kama kuna aliyemsikia.

Muhula mzima, jamani. Jibu analo kichwani, na aliyemziba mdomo ni mimi niliyeajiriwa kumfungua.

Na zile fimbo hazikuwa hata halali. Kanuni za viboko hapa Tanzania zinasema anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, zisizidi 4, na ziandikwe kitabuni. Mimi kitabu hicho sikuwahi kukiona, na yule mkongwe hakukitaja.

Siku hizi kwangu swali linapokelewa kwa lugha lililokuja nayo. Mtoto akiuliza, "Sir, chumvi ikiyeyuka inaenda wapi?", naliandika ubaoni kwa Kiingereza mbele yake, darasa linalisoma pamoja, analirudia mwenyewe, ndipo tunalijibu. Sentensi hiyo haisahau, ni yake. Najua mtihani wa taifa ni wa Kiingereza, msije kunirukia hapa. Lakini hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, na zile wiki chache za kuwazoesha Kiingereza Januari ukitoa usajili, ufyekaji na madawati yasiyotosha, zinabaki siku ngapi? Wiki za mwanzo ofisini watakuambia unadekeza watoto, na darasa lako litakuwa na kelele kama stendi. Vumilia. Kwenye zile kelele ndipo utakapojua nani hajaelewa.

Uliuliza pia habari ya kupanga viti kwa duara. Kwa hao watoto wako 84 duara lako litaishia uwanjani. Kulikuwa na swali jingine la wazazi nadhani, nitalirudia.

Fundi umeshampigia?