Kabla hujasaini fomu ya majaribio ya valvu, uliza hili

Ndugu yangu, umeuliza kama umruhusu baba aingie kwenye utafiti wa valvu inayovuja, yaani kile kilango cha moyo kinachozuia damu isirudi nyuma, maana madaktari wanaona hawezi kuhimili kupasuliwa kifua. Pole sana. Mama yangu alipita humo humo.

Mama alikuwa analala ameegemea mito mitatu. Ukiondoa mmoja tu, pumzi inambana. Kwenye eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari alinionyesha: kila moyo ukijikaza, rangi inaruka kurudi nyuma, chumba cha juu cha kushoto. Hiyo ndiyo damu iliyotakiwa kwenda mwilini.

Swali ambalo sikulijua ni hili: je, valvu yenyewe ndiyo imeharibika, au moyo umetanuka hadi vipande vya valvu havifikiani tena? Ni magonjwa mawili tofauti, hata kama yote yanaitwa kuvuja.

Mama alilengwa kuwekewa klipu. Mrija unapitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, unatoboa ukuta unaotenganisha vyumba vya juu, kisha vipande viwili vya valvu vinabanwa katikati, kama nguo na kibanio chake. Asili yake ni mshono wa daktari wa Italia, Ottavio Alfieri, wa miaka ya 1990. Marekani iliiruhusu klipu ya aina hiyo, MitraClip, mwaka 2013, kwa wenye valvu mbovu ambao upasuaji ni hatari kwao.

Kwa mioyo iliyotanuka, mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili za klipu zilizopingana. Ya Ufaransa, watu 304, haikuona nafuu katika vifo wala kulazwa. Ile iitwayo COAPT, watu 614, ikaona: baada ya miaka miwili walikuwa wamefariki kama 29 kwa kila 100 wenye klipu, na 46 kwa wenye dawa peke yake. Wengi wanaeleza kwamba COAPT ilichukua watu ambao dawa zao zilishapangwa sawasawa, na ambao kuvuja kulikuwa kukubwa kuliko ulivyotanuka moyo. Kwa hiyo akikwambia daktari tupandishe dawa kwanza, usidhani anakuzungusha. Mimi nilidhani hivyo, nikapoteza wiki nyingi nikibishana.

Kilichoniumiza zaidi ni kura. Nilisaini bila kuelewa kwamba kompyuta ndiyo inayochagua nani apate klipu. Mama akaangukia upande wa dawa, nikalia pale koridoni mbele yake. Hakuna aliyenieleza mapema, na nilistahili kuelezwa. Wewe uliza: kuna kura? Akikosa, ataruhusiwa kuwekewa baadaye, baada ya muda gani? Akipata madhara, nani anagharamia? Anaweza kujitoa bila kupoteza matibabu yake ya kawaida?

Ikiwa ya baba ni valvu ya upande wa kulia, hapo habari ni nyingine. Utafiti wa klipu za upande huo uliotoka 2023 ulionyesha watu wanajisikia vizuri zaidi, ila kwa mwaka ule wa kwanza vifo havikupungua.

Weka hapa majibu ya eko yake, hasa nguvu ya moyo na kiwango cha kuvuja, ila ficha jina lake. Na dawa asiache hata siku moja wakati mnasubiri.