Sanduku la nyaraka za babu limeota kuvu: nifanye nini kabla ya kulikabidhi?

Swali: Marehemu babu alikuwa karani wa usharika huku Tukuyu. Ameacha sanduku la bati lenye barua, risiti za kodi, daftari za vikao na picha. Zinanuka kuvu, pini zimeshika kutu, na picha mbili zimegandana na kioo cha fremu. Tunataka kuzikabidhi kwenye nyaraka za taifa. Nizianike juani, nizipange kwa miaka, kisha nizilaminishe?

Jibu: Tafadhali, usifanye hata moja kati ya hayo matatu. Plastiki ya kulaminishia huyeyuka kwa joto ikajishikiza kwenye karatasi, na kuitoa bila kuharibu karatasi ni karibu muhali. Jua hufifisha wino na kuzikunja karatasi.

Kupanga upya kunaonekana hakuna ubaya, lakini hapo ndipo mengi hupotea. Barua aliyoichomeka babu katikati ya daftari la kikao huenda ilijadiliwa siku ile. Ukiihamishia kwenye fungu la mwaka wake, uhusiano huo umekatika na hakuna wa kuurudisha. Kwa hiyo piga picha sanduku likiwa wazi, kisha kila fungu lilivyokaa. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukiweke juu ya fungu.

Kuvu huletwa na unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65, kuvu huota. Na Rungwe kwa mvua zake, bati likipoa usiku hutoa jasho ndani. Tandaza nyaraka mezani, chumba kikavu, juu ya karatasi nyeupe za fotokopi. Gazeti halifai, wino wake huhamia. Feni ielekee ukutani, isipulize nyaraka. Zilizolowa kabisa zikaushwe ndani ya saa 48.

Kuvu ikikauka huwa kama vumbi. Hapo toka nje, vaa barakoa na glovu, ufagie taratibu kwa brashi laini. Ikiwa bado inapakaa, acha. Utaisugulia ndani ya karatasi. Dawa ya kufulia na spiriti zisiguse kitu. Wino wa kahawia wa barua za kale una chuma ndani yake, na majimaji huusambaza.

Pini: penyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, kisha kunjua miguu yake kwa kisu butu. Ikigoma, iache.

Picha zilizogandana zibaki na kioo chake. Ukizibandua, sura itabaki kwenye kioo. Zipige picha hivyo hivyo, na waulize wazee mapema nani ni nani. Majina yaandikwe kwenye orodha kwa namba ya picha, si nyuma yake kwa kalamu ya wino.

Kwenye orodha hiyo, barua yenye kichwa cha Neu-Langenburg iandikie “wakati wa Wajerumani”, maana ndivyo walivyoiita Tukuyu.

Msirudishe chochote kwenye bati. Tumieni katoni ngumu, kavu, iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje.

Kabla ya kuandikia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zungumzeni na usharika. Daftari za vikao huenda ni mali ya kanisa, hata kama zililala kwa babu. Kama zina mashauri ya watu walio hai, hati ya makabidhiano itaje nani aruhusiwe kuzisoma na kuanzia mwaka gani.