Sina maumivu yoyote, nikapimwe saratani ya nini?

SWALI: Daktari, nina miaka 38. Wiki ijayo wahudumu wa afya wanakuja mtaani kwetu kupima bure saratani ya mlango wa kizazi. Sina maumivu, sitokwi damu ovyo. Shoga yangu anasema wanapaka siki, tena anayetafuta ugonjwa haukosi. Niende?

JIBU: Nenda dada, na uende hivyo hivyo ukiwa huna maumivu. Damu ikishaanza kutoka, huko si kupima mapema tena.

Saratani hii karibu kila mara huletwa na kirusi cha papiloma (HPV), kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikigoma kutoka, seli za mlango wa kizazi huharibika polepole: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani, kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa, hata 5 hadi 10. Muda wote huo hausikii kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU.

Habari ya siki ni kweli. Ni asidi ile ile, asilimia 3 hadi 5. Mhudumu anapaka kwa pamba, anasubiri dakika moja, anaangalia. Utahisi kuwashwa kidogo. Seli zilizobadilika hugeuka baka jeupe, na baka hilo kwa kawaida si saratani bado. Likiwa dogo hugandishwa au huchomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Shoga yako naye ana hoja, ila si hapa. Korea Kusini walizoea kupima tezi ya shingo kwa ultrasaundi watu wasio na dalili. Kufikia 2011 waliogunduliwa saratani ya tezi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, vifo vikabaki pale pale. Wengi walitolewa tezi, sasa wanameza vidonge maisha yao yote. Kwa hiyo mimi sipendekezi kila kipimo eti kwa kuwa ni cha bure. Hiki napendekeza.

Kabla hujapanda kitandani, waulize: nikikutwa na baka kubwa, natibiwa wapi, na nani analipa? Wakikujibu kwa kubabaika, pima tu, lakini usiondoke bila majibu yako kwa maandishi. Na kama utakuwa hedhini siku hiyo, waombe tarehe nyingine, maana damu huficha baka.