Windows 10 imefikia ukomo: nihame au nibaki?

Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yamekuja mengi na yanafanana. Nimechukua machache yanayogusa watu wengi.

Shikamoo. Nafundisha sekondari Dodoma. Nina HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imetumika, RAM GB 8, Windows 10. Haina shida yoyote, lakini naambiwa "imekufa" na haipokei Windows 11. Nifanyeje?

Marahaba, mwalimu. Haijafa. Itawaka kesho kama ilivyowaka leo, na mitihani utaendelea kuchapa. Kilichokoma ni masasisho ya usalama yaliyokuwa yakija bure kila mwezi.

Hilo nalo si jambo dogo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia vikifunga mafaili ya watu na kudai pesa, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Dawa ya tundu lililotumika ilikuwa imeshatolewa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa, na wala hawakuhitaji kubofya kitu kibaya: virusi vilijipitishia kwenye mtandao kutoka mashine moja hadi nyingine. Tundu jipya likigunduliwa kwenye Windows 10 yako leo, halizibwi. Ni kweli kwamba Defender, kinga ya virusi ya Windows, na kivinjari cha Edge vitaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na hiyo ni nafuu, ila ni kama kuwa na mlinzi getini huku ukuta wa nyuma una ufa.

Ipo njia ya kununua muda. Microsoft iliweka masasisho ya nyongeza kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Hakikisha una toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10, ingia na akaunti ya Microsoft, kisha fungua ukurasa wa Windows Update na ufuate kiungo cha kujiandikisha. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Usipotaka, ni dola 30. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta 10, kwa hiyo na ya mwenzako nyumbani imo.

Kuhusu Windows 11, uliyoambiwa ni kweli. RAM yako inatosha kabisa. Kizuizi ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: 840 G3 ina Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 inaanzia cha 8. Jiandikishe leo, kisha muda uliobaki utumie kuweka akiba ya mashine nyingine. Usiitupe hii. Jibu la msomaji wa Bukavu hapo chini linakuhusu pia.

Niko Muscat. Nataka kumnunulia mdogo wangu anayesoma chuo Zanzibar laptopu iliyotumika. Muuzaji anasema ni "Core i5, nzuri sana". Inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. "Core i5" imekuwepo tangu 2009. Muulize namba inayofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7200U cha 7, i5-8350U cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10. Kuanzia cha 8 kwenda juu unanunua mashine ambayo Microsoft yenyewe inaikubali kwa Windows 11.

Kwenye mitumba ya maofisini, EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 kwa kawaida ziko kwenye kizazi hicho. Nasema kwa kawaida kwa sababu baadhi ya G5 na T480 zilitoka kiwandani na kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo usiridhike na jina la mashine wala kibandiko. Mwambie muuzaji akutumie picha ya kioo ikionyesha jina kamili la prosesa, au aendeshe PC Health Check, programu ya bure ya Microsoft inayosema waziwazi kama kompyuta inafaa. Kwa prosesa za AMD hesabu yangu ya tarakimu haifai. Tegemea programu hiyo tu.

Microsoft inasema RAM GB 4 zinatosha. Mimi simnunulii mwanafunzi chini ya 8.

Fundi wangu Kariakoo anasema ataniwekea Windows 11 "kwa nguvu" kwenye mashine isiyokubalika. Nimkubalie?

Inawezekana. Zipo programu kama Rufus zinazotengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa prosesa na wa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Nimeshafanya hivyo kwenye mashine yangu ya kizazi cha 6 na ilikwenda vizuri tu. Ila toleo jipya la mwaka lilipotoka halikuja lenyewe. Ilinibidi niketi tena na flashi na kurudia kazi yote. Microsoft haiahidi kwamba kompyuta ya namna hiyo itapata masasisho, na toleo la 24H2 la Windows 11 liliacha kuwaka kabisa kwenye prosesa kongwe zisizo na amri fulani za ndani.

Kama kompyuta ni ya kuangalia filamu na wewe mwenyewe unapenda kujaribu, mkubalie. Kama ndiyo inayokulisha, mkatalie. Siku itakapogoma huenda fundi yuko safarini, na mteja wako amesimama mlangoni.

Nina steshenari Mwanza, kompyuta mbili, printa na skana ya zamani. Kompyuta zote zinakubali Windows 11. Nibofye tu?

Usibofye zote kwa siku moja, mama. Anza na ile isiyobeba kazi kubwa, ukae nayo wiki mbili.

Kinachowaangusha watu wa steshenari mara nyingi ni vifaa. Windows 11 ipo ya biti 64 pekee, wakati Windows 10 ilikuwepo pia ya biti 32. Skana ya zamani ambayo mtengenezaji wake alitoa draiva (programu inayokifanya kifaa kielewane na kompyuta) ya biti 32 tu haitafanya kazi tena, na hakuna fundi wa kuitibu isipokuwa kwa kutafuta programu mbadala. Kwa hiyo kabla ya yote, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta namba ya skana na ya printa yako, uone kama kuna draiva ya Windows 11, au ya Windows 10 biti 64, ambayo mara nyingi inakubali. Fanya hivyo hivyo kwa programu ya hesabu ya duka na ile ya kutolea risiti: mpigie aliyekuuzia umuulize. Akisita kukujibu, subiri.

Na usifanye kazi hii shule zinapokaribia kufunguliwa, foleni ya fomu ikiwa imejaa.

Ndugu, niko Bukavu. Laptopu yangu ina RAM GB 4 na diski ya kuzunguka. Ni nzito mno. Watu wananiambia niende Linux. Nitaweza?

Utaweza, lakini kwanza badilisha diski. Diski ya kuzunguka ndiyo inayokuchosha zaidi kuliko mfumo wenyewe. Ukiweka SSD, diski isiyozunguka, ndogo hata ya GB 128, utaona mashine imezinduka kabla hujagusa kingine chochote.

Kisha chukua Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, uliweke kwenye flashi ya GB 8. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa kioo, printa. Vikikubali hapo, vitakubali ukishaisakinisha. Mint 22 ni bure na itapata masasisho hadi 2029.

LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko, inafungua mafaili ya Word, ingawa majedwali na fonti wakati mwingine huhama. Kama chuo kinakudai AutoCAD, au programu za Adobe, baki Windows: hizo hazina toleo la Linux, na njia za kuzungukia zitakumalizia muhula.

Kuhamia Windows 11 kutakula bando kiasi gani?

Tenga GB 6 hadi 8 kwa Windows 11 yenyewe, na nyingine kidogo za draiva. Ukiwa na kompyuta kadhaa, pakua mara moja kwenye flashi uzitumie zote. Kama unatumia intaneti ya simu na hutaki ianze kupakua bila ruhusa, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uutambulishe mtandao huo kuwa ni wa kulipia kwa kipimo (metered connection).

Nikihama nikajuta, nitaweza kurudi?

Ndani ya siku 10, ndiyo. Windows ya zamani huhifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, na kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya urejeshaji, kuna kitufe cha kurudi. Ukisafisha diski ukaifuta folda hiyo, au siku zikapita, njia imefungwa. Fundi "akipiga Windows" upya kwa kufuta diski, huna hata hizo siku 10.

Kwa hiyo nakili kwanza picha, vyeti na kazi zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Angalia pia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, kwa sababu laptopu nyingi hujifunga zenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48 na unaukuta kwenye akaunti hiyo. Uandike kwenye daftari kabla hujaanza. Ukiulizwa baada ya kuwasha upya, kompyuta ileile haitakuonyesha.